Milioni 180 za Saa Mbili na Nusu

Saa mbili na dakika ishirini usiku, mwisho wa Juni 2020. Kafyu inaanza saa tatu. Tumo katika ukumbi wa kamati, barakoa zimeteremshwa hadi kidevuni, chai imepoa, na mbele yangu kuna kompyuta yenye jedwali linalokataa kulingana. Matumizi yamezidi mapato kwa shilingi milioni 180. Pande mbili zilizovutana tangu Februari zimeshakubaliana kila kitu isipokuwa hesabu.

Nilikuwa karani wa kamati ya bajeti katika bunge la kaunti moja ya Pwani ya Kenya. Kaunti sitaitaja, wala vyama vyenyewe, maana wengi waliokuwa ukumbini usiku ule bado ni majirani zangu na tunanunua samaki kwa mchuuzi mmoja. Itoshe kusema kwamba chama cha gavana hakikuwa na viti vya kutosha kupitisha jambo peke yake, na upande wa pili ulikuwa na viti vya kutosha kuzuia lakini si vya kuongoza. Hakuna bunge gumu kama hilo. Karani hana kura. Kazi yake ni kuandika wanayosema waheshimiwa, kupanga vikao na kuhakikisha chai imefika. Ila yeye ndiye anayeshika jedwali, na mwenye kushika jedwali huona mambo ambayo hata spika hayaoni.

Nilipoanza kazi ile nilidhani bajeti hupiganiwa Juni, kama wananchi wengi wanavyodhani, kwa sababu Juni ndipo wawakilishi wadi hupigiana kelele na mmoja wao hutolewa nje na askari wa bunge. Kumbe kufikia Juni nyama imeshagawanywa, wanagombea mifupa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inaitaka serikali ya kaunti ipeleke bungeni mkakati wake wa fedha kufikia Februari 28, na ndani ya waraka huo, ambao hakuna mwandishi wa habari anayeusoma, kuna kikomo cha matumizi ya kila idara. Makadirio yenyewe huletwa kufikia Aprili 30. Hapo kanuni za mwaka 2015 zinasema bunge likitaka kuyabadilisha, haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu kwa zaidi ya asilimia moja ya kikomo chake. Yaani idara iwe na milioni 500, bunge zima pamoja na kelele zake linaruhusiwa kusogeza milioni tano. Anayejua kazi hubishana Februari. Anayeamka Juni hubaki kupiga meza.

Upande wa pili uliwahi kuamka Juni, mwaka 2018, ukapiga meza mpaka glasi zikaanguka, ukatoka mikono mitupu. Haukurudia. Mwaka 2020 walikuja Februari na karatasi zimepigwa chapa.

Ugomvi wenyewe, kwa maneno ya nje, ulikuwa hivi. Gavana alikuwa na jengo la makao makuu lililokuwa likijengwa, akitaka lisonge mbele kabla ya uchaguzi wa 2022. Upande wa pili ulitaka pesa zile zigawanywe sawa kwa kila wadi, na basari za wanafunzi ziongezwe. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kwa kuwa jengo ni maendeleo na kisima cha wadi nacho ni maendeleo, kila upande ulinyanyua kifungu kilekile na kumsomea mwenzake. Nimeandika maneno "mwananchi wa kawaida" mara nyingi hata vidole vyangu vinayajua bila mimi.

Juu ya yote palikuwa na hofu ya Makueni. Kila mazungumzo yalipokaribia kuvunjika, mtu alikumbusha: mnataka tuwe kama Makueni? Kule, Septemba 2014, mvutano wa bunge la kaunti na gavana wa wakati ule, Kivutha Kibwana, ulianzia kwenye bajeti ukafika mpaka risasi zikalia katika ofisi za kaunti na watu wakajeruhiwa. Iliundwa tume, ikapendekeza kaunti ivunjwe, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa pendekezo hilo mwaka 2015. Kwetu jina Makueni lilikuwa kama zimwi la kuwatishia watoto. Lilifanya kazi mpaka lilipozoeleka.

Kisha Machi 13 kikatangazwa kisa cha kwanza cha korona nchini, na majadiliano yakahamia kwenye simu na kompyuta. Sikuwahi kuona majadiliano ya bajeti yakienda vibaya namna ile. Mheshimiwa mmoja alisahau kuzima maikrofoni tukamsikiliza mbuzi wake kwa dakika arubaini. Lakini shida kubwa haikuwa mbuzi. Kwenye skrini hakuna pembe ya chai. Hakuna mahali pa watu wawili kuondoka pamoja kama wanaokwenda kuvuta hewa, wakarudi wamelainika. Kila neno lilisikika na wote, basi kila mmoja alisema lile ambalo lilipaswa kusikika na wote. Miezi miwili hatukusonga hata senti.

Tuliporudi ukumbini, viti vimetenganishwa mita moja na nusu, ndipo nilipopata somo langu kubwa. Alinipa mzee mmoja wa kamati, mwakilishi wa wadi ya bara, mtu aliyekuwa diwani tangu enzi za mabaraza kabla ya ugatuzi wa 2013. Alikuwa haongei sana bungeni. Siku hiyo alinikuta kwenye birika.

"Mwanangu, kiongozi wa wale ametaja jengo la gavana mara ngapi leo?"

Nikafungua daftari. "Mara kumi na moja, mzee."

"Na halimuumi hata kidogo. Desemba alisimama kwenye matanga kule kwao akaahidi barabara ya kwenda sokoni. Barabara ndiyo imemkwama kooni. Wewe unaandika anachosema. Andika na atakachorudi nacho nyumbani."

Nikaenda kuitafuta barabara hiyo. Ilikuwa kilometa nne za udongo, na haikuwamo kwenye orodha yoyote. Sababu yake ilikuwa ya kuchekesha: inakatiza wadi mbili, basi kila wadi iliiachia jirani. Hata pesa zikigawanywa sawa kwa wadi zote, kama alivyokuwa akidai kwa sauti kubwa, asingeipata. Nilimwonyesha mwenyekiti, mwenyekiti akazungumza na watu wa gavana, na barabara ikaingizwa kwenye idara ya barabara, ambayo kikomo chake kilikuwa mikononi mwa upande wa gavana. Haikuwagharimu heshima yoyote. Ilikuwa yao kutoa.

Upande wa gavana nao tuliwasikiliza kwa sikio hilo la mzee. Ikabainika kwamba hawakuhitaji jengo limalizike mwaka ule. Walichoogopa ni mkandarasi kuondoa mitambo yake na kwenda mahakamani, na picha ya jengo lililokufa kuingia kwenye kampeni. Kiasi cha kumweka mkandarasi pale kilikuwa chini ya nusu ya walichokuwa wakidai. Basari zikapanda kidogo. Kila wadi ikapata mradi wake, mzee wangu akapata kisima. Kufikia wiki ya mwisho ya Juni watu waliokuwa hawasalimiani walikuwa wakitaniana kuhusu barakoa zao.

Na nilijivuna, siwezi kukataa. Karani asiye na kura alikuwa amefungua fundo.

Sasa turudi saa mbili na dakika ishirini. Kila mtu anarudi nyumbani na kitu, na vitu hivyo vikijumlishwa vinazidi mfuko kwa milioni 180. Tulipita mstari kwa mstari kutafuta pa kukata. Afya ilikuwa na mwenyekiti wake mezani. Kilimo kilikuwa na wake. Maji, vivyo hivyo. Mtu alitaja safari za waheshimiwa wenyewe na ukumbi ukanyamaza kama pametajwa msiba. Hapo ikatoka sauti, nami nakumbuka ni ya nani lakini si lazima:

"Karani, si uongeze mapato ya ndani?"

Kwa asiyejua: kaunti hupata pesa kwa njia tatu. Mgao kutoka Nairobi, ambao huwezi kuugusa. Misaada na ruzuku zenye masharti, nazo hugusi. Halafu mapato ya ndani, yaani leseni za biashara, maegesho, kodi za viwanja, ushuru wa mchanga, ada za masoko. Hizi za mwisho hukadiriwa. Na mwaka ule hoteli za ufukweni zilikuwa zimefungwa, vijana waliokuwa wakiwatembeza watalii kwa mashua walikuwa wamelala majumbani, magari hayaegeshwi kwa kuwa watu hawaji mjini.

Nilisema. Naliandika hili si kujisafisha, ni kwa kuwa limo hata kwenye kumbukumbu za kikao. "Mheshimiwa mwenyekiti, hata lengo la mwaka jana hatujalifikia."

"Makadirio ni makadirio, karani," akajibu mmoja, na wengine wakacheka. Ofisa wa fedha alikuwa anatazama viatu vyake. Ilikuwa saa mbili na nusu. Nikapanua mstari wa mapato ya ndani, nikaongeza milioni 180, nikabonyeza. Tofauti ikawa sifuri.

Walipiga makofi. Wakagongana viwiko kwa kuwa mikono ilikuwa marufuku. Hata mzee wangu alipiga makofi, kisima chake kilikuwamo. Nilifika nyumbani saa tatu kasoro dakika tano.

Tulidhani tumemaliza, na Julai mishahara haikuja. Sisi tulikuwa na bajeti, lakini pesa za kaunti zote 47 zilikuwa zimekwama juu yetu. Katiba, ibara ya 217, inaipa Seneti, yaani nyumba ya Bunge inayowakilisha kaunti, kazi ya kuamua kila baada ya miaka mitano mfumo wa kugawana mapato baina ya kaunti, na mwaka ule zamu ilifika. Mfumo uliokuwa ukielekea kupita ungezipa zaidi kaunti zenye watu wengi, na ungezipunguzia Mandera, Wajir, Marsabit, na huku kwetu Kwale, Kilifi na hata Mombasa. Kilichonishangaza ni vyama. Tangu Uhuru na kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, wapeane mkono Machi 2018, vyama vyao, Jubilee na ODM, vilikuwa wakivuta jahazi pamoja katika mambo makubwa, lakini hapa chama hakikumshika mtu. Kila kaunti ina kura moja katika jambo kama hilo, na seneta akiinua mkono huwa anatazamwa na watu wa kwao, si na kinara wake. Agosti 17 maseneta watatu waliopinga mfumo ule, Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Lang'at wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu, walikamatwa na polisi siku moja, siku ya kupiga kura. Hilo liliwakaza wenzao badala ya kuwalegeza.

Vikao vikaahirishwa na kuahirishwa, karibu mara kumi. Iliundwa kamati ya maseneta 12 chini ya Moses Wetang'ula na Johnson Sakaja. Wycliffe Oparanya, aliyekuwa mwenyekiti wa magavana, akatangaza kwamba kaunti zitafunga shughuli. Na Septemba 17 Seneti ikakubaliana. Uzito wa idadi ya watu, uliokuwa asilimia 45 katika mfumo wa zamani, ukawa 18, na nafasi yake ikajazwa na afya, kilimo, barabara na mengineyo. Lakini ufunguo hasa haukuwa asilimia hizo. Ulikuwa tarehe. Mwaka ule shilingi bilioni 316.5 zigawanywe kwa mfumo wa zamani, na mfumo mpya uanze siku mgao wa kaunti utakapofika bilioni 370, ili asiwepo wa kupunguziwa.

Niliisoma habari ile nimeketi kitandani nikaona aibu. Nao walikuwa wameongeza keki, kama sisi. Tofauti ni kwamba yao ilikuwa na mwenye kuioka: Hazina ya Taifa ilikuwa imetiwa ndani ya ahadi, na mwaka wa fedha wa 2021/22 bilioni 370 zilikuja kweli. Yetu ilikuwa imeongezwa na mimi, kwa kidole kimoja, kwa kuwa kafyu ilikuwa inakaribia.

Nikiwa hapo, kuna jambo jingine nililolianza kulifuatilia tangu mwaka ule na bado nalifuata. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilisema kaunti zipewe bilioni 310, Seneti ikasema 335. Walimaliza kwa 316.5. Mwaka 2025 Bunge likasema 405, Seneti 465, wakamaliza kwa 415. Hakuna aliyekutana katikati. Ukichunguza ni kwa nini, usitazame hoja. Tazama mshahara wa nani umesimama mkikawia. Wakati wa mvutano wa 2019 serikali kuu iliendelea kutumia pesa zake huku kaunti zikihesabu siku. Mwenye njaa hukubali upesi. Nilikuja kulitumia hilo hata katika kamati yetu: kabla ya kikao huuliza kwanza nani ataumia tukichelewa wiki moja, na mara nyingi jibu linanitosha kujua hesabu itaangukia wapi.

Pesa zilipofunguka, kazi zikatangazwa. Mama mmoja wa mtaa wetu, mwenye karakana ndogo ya useremala aliyoachiwa na marehemu mumewe, alipata kazi ya viti na meza za chekechea. Chekechea ni za kaunti, na mstari huo ulikuwa kwenye jedwali langu. Akapewa hati ya ununuzi, akaenda nayo benki, akakopa, akanunua mbao, akapeleka viti vyote kabla ya Pasaka ya 2021. Vizuri sana, vya kimanjano. Nimewaona watoto wamevikalia.

Mapato ya ndani ya mwaka ule hayakukaribia lengo. Ikafika Juni, na pesa zikiwa hazitoshi kila mtu, hulipwa kwanza mishahara, kisha wenye sauti. Mkandarasi wa jengo alilipwa, alikuwa na wakili. Viti vya chekechea vikaingia kwenye daftari la madeni.

Alikuwa akija Jumanne. Hakuwa akija kwangu, alikuwa akienda idara ya fedha, lakini njia yake ilipita mlangoni pangu. "Mwanangu, hujambo? Wanasema wiki ijayo." Nami namwambia, "Sijambo mama, inshallah." Miezi ikapita, Jumanne ikabaki Jumanne. Aliuza mashine ya kuranda. Siku moja alisimama mlangoni, hakuingia, akaniuliza kwa upole kama anayeuliza bei ya nazi: "Lakini hizo pesa, zilipokuwa zinaandikwa, zilikuwapo?"

Nilimwambia hapana, mama. Hazikuwapo.

Alitikisa kichwa kana kwamba nimemthibitishia kitu alichokuwa akikijua. Alilipwa baada ya uchaguzi wa 2022, kwa mafungu mawili, bila riba. Mashine hakuirudisha.

Tangu hapo ninaongeza safu moja kwenye jedwali. Kando ya makadirio ya mapato ya ndani naweka kiasi kilichokusanywa hasa mwaka uliotangulia, namba mbili zikae ubavu kwa ubavu. Sheria hainikatazi. Waheshimiwa hawakuipenda. Mwaka wa kwanza waliniambia inachanganya, mwaka wa pili mtu aliifuta kabla ya kuchapisha, nikairudisha. Mwaka wa tatu walipata akili: waliibana safu ile mpaka tarakimu zikageuka vile vialama vya mistari inayokatana ambavyo kompyuta huweka namba ikikosa nafasi.

Mwenyekiti mpya, kijana, hakuwapo mwaka 2020, aliifungua mbele ya kamati nzima.

"Karani, hizi reli hapa ni za nini?"

"Ni makusanyo ya mwaka jana, mheshimiwa. Panua safu."

Akaipanua. Akatazama namba ya kulia, akatazama ya kushoto, akaitazama kamati yake, pande zote mbili, kila mtu na simu yake. Kisha akauliza chai iko wapi.